Mkataba wa Mogadishu 1972: nani aliuua, Amin au na sisi tulishika mpini?

MwanaKyaka
Wakuu salaam. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na zile nyuzi za mashujaa, hii ni mada nyingine kabisa. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu kimya kimya.

Mimi ni mtu wa Kyaka, huko Kagera karibu na mpaka wa Uganda. Nimezaliwa miaka mingi baada ya vita lakini vita ile nimelelewa nayo, pale kwetu ukikohoa tu unaambiwa "mwaka wa Amin". Mama Oktoba 1978 alikuwa binti wa miaka kumi na tano, kahawa imeanikwa uani kwenye mikeka, ndizi ziko jikoni, mara milio. Wakatoka. Bibi akarudi ndani mara mbili, mara ya kwanza kuchukua chumvi, mara ya pili kufunga mlango na komeo, yaani watu wanakimbia yeye anafunga mlango. Walivyorudi baada ya Wanajeshi wetu kukomboa eneo wakakuta bati zote zimeng'olewa, boriti zimechukuliwa, ng'ombe hakuna hata kinyesi, ila mlango umefungwa vile vile na komeo lake.

Sasa hoja yangu. Tunapenda kuanza kuhesabu vita ile 30 Oktoba 1978, nduli kavamia, tukampiga, basi. Tena ile hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba kila mtu anaijua kwa kichwa, "uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo". Sawa. Mimi nauliza miaka sita kabla ya hapo tulikuwa tunafanya nini? Maana mkataba kati yetu na Uganda ulikuwepo jamani! Ulisainiwa Mogadishu tarehe 5 Oktoba 1972, msuluhishi Siad Barre rais wa Somalia, na ulikuwa mkataba mzuri tu ukiusoma. Kila upande unarudisha majeshi kilomita 10 kutoka mpakani, kila upande unaacha kutukanana redioni, na kila upande haufugi watu wa kuipindua serikali ya mwenzake.

Kwa wadogo humu niwape kidogo ilifikaje hapo. Amin kampindua rais wa Uganda, Obote, 25 Januari 1971, Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Akaja zake Dar, Mwalimu akampokea akampa nyumba Msasani na akagoma kuitambua serikali ya Amin. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote kama elfu moja na zaidi wakaingia Uganda wakitokea kwetu, wakapigwa vibaya sana. Na kuna ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilichukuliwa iwapeleke makomandoo Entebbe ikaishia kutua KIA, uwanja wa Kilimanjaro, matairi yamepasuka, ukiisoma hii stori unacheka halafu unasikitika. Amin akajibu kwa kutupa mabomu Bukoba na Mwanza. Hapo ndipo Barre akaingilia.

Tatizo langu na mkataba ule ni kwamba ulisimamiwa na watu na sio na chombo. Angalia walivyoyeyuka mmoja mmoja. Waziri wa mambo ya nje wa Uganda alikuwa Wanume Kibedi, shemeji yake Amin mwenyewe, mwaka uliofuata tu kakimbilia uhamishoni. Haile Selassie mfalme wa Ethiopia ambaye alikuwa anawabembeleza wote wawili kapinduliwa 1974. Siad Barre, msuluhishi mwenyewe, shahidi wa mkataba, Julai 1977 kavuka mpaka kavamia Ogaden ya Ethiopia! Shahidi wa ndoa kaiba mke wa mtu. Kwetu Malecela katoka wizara ya nje 1975, akaja Kaduma, akaja Mkapa. Kufika 1978 ule mkataba ulikuwa mtoto yatima, hamna hata mtu mmoja wa kuupigia simu aulize wanaendeleaje.

Na chombo kimoja ambacho kingeweza kuwakalisha, yaani Mamlaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, marais watatu mezani, sisi ndio tuliokifunga. Mwalimu alisema hakai na muuaji. Tangu Amin aingie ile Mamlaka haikukaa tena hata siku moja mpaka Jumuiya inakufa 1977. Namuelewa Mwalimu kimaadili kabisa. Lakini mlango ukishaufunga usishangae jirani akiingilia kwenye paa. Naomba mnipige mawe kwa hoja.

Mzee wa Kijiwe
Mleta mada umeandika vizuri ila umechemka pakubwa. Unataka Mwalimu akae meza moja na mtu aliyekuwa anatupa maiti kwenye mto Nile? Halafu wakikaa waongee nini? Amin hakuwa mtu wa mikataba, leo anasaini kesho anatangaza kwamba nusu ya Kenya ni yake, huyo huyo alidai na sehemu za Kenya mwaka 1976 mpaka Kenyatta akamkunjulia makucha. Diplomasia ina kanuni moja, unayeongea naye awe anakumbuka jana alisema nini.

Na hilo la kutofuga wapinzani, sisi tulitekeleza! Watu wa Obote walipelekwa Tabora huko wakawa wanalima tumbaku. Tumbaku mkuu. Jeshi la kupindua serikali linalima tumbaku.

Shangazi Msasani
Nyie mnasahau ile telegramu ya 1972 😂 Amin kamwandikia Mwalimu kwamba anampenda sana na angekuwa mwanamke angemuoa ingawa kichwa kimejaa mvi. Sasa hapo unajibu nini? Waziri anakuja na faili, "Mheshimiwa umeletewa posa"

Kipara wa Mwanza
Shangazi umeniua. Na alitaka wapigane ngumi ulingoni Muhammad Ali awe refa, hiyo ilikuwa 1978 vita imeshaanza. Kuna watu wanasema ule ulikuwa ni mzaha wa kutafuta pa kutokea. Mimi siamini lakini ndo hivyo.

MwanaKyaka
Mzee wa Kijiwe heshima yako. Nakubali Amin alikuwa kigeugeu, na sijasema wangekuwa marafiki. Nasema hivi, uhasama una viwango. Kuna jirani humsalimii lakini mna balozi wa nyumba kumi ambaye mkigombania mpaka wa shamba anakuja na kamba anapima. Sisi na Uganda tulimfukuza mpaka balozi wa nyumba kumi.

Tena hilo la mpaka ndilo linanikera zaidi kwa sababu sisi watu wa huko tunaujua. Mpaka wa Tanzania na Uganda kutoka ziwani unakwenda mstari mnyoofu, digrii 1 kusini mwa ikweta, Mjerumani na Mwingereza walichora kwenye karatasi hawajawahi kuona hata mgomba wa huko. Mto Kagera uko chini yake. Kwa hiyo kuna kipande chetu kiko ng'ambo ya mto, ukitoka Kyaka unavuka daraja unakwenda Mutukula kama kilomita 30 hivi. Kijeshi ni mtego. Ukilikata daraja la Kyaka kile kipande chote kimebaki yatima, na ndicho walichofanya Novemba 1978, ndege zao zilishindwa kulipiga ikabidi waje na mtaalam wa baruti kutoka migodi ya Kilembe. Amin tarehe 1 Novemba akatangaza mto ndio mpaka, karibu kilomita za mraba 1,800 kachukua kwa kauli ya redio.

Sasa mtu akishaanza kusema mto ndio mpaka wa asili, na alianza kusema mambo hayo miaka ya mwanzo mwanzo tu, hapo ndipo mnapomkalisha mbele ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mnamwambia kubali mipaka ya ukoloni kama azimio la Cairo la 1964 linavyosema, saini hapa, na waangalizi wakae Mutukula. Hata wanajeshi ishirini tu wa Kisomali na wa Kihabeshi wenye darubini. Mkataba wa kilomita 10 bila mtu wa kupima hizo kilomita 10 ni nini? Na sisi brigedi iliyohusika na upande ule makao yake yalikuwa Tabora. Tabora! Chukua ramani uangalie Tabora na Kyaka halafu ukumbuke barabara za 1978.

Kwa hiyo watu wa Obote Tabora, jeshi letu Tabora, mpakani kabaki bibi yangu na komeo.

Ssebo_KLA
Mimi ni Muganda, Kiswahili changu mnisamehe, nilijifunza kwa barabara. Nasoma hapa ninyi mnalia kwa Mogadishu lakini hamuulizi sisi tulioneje. Kwetu mkataba ule ulikuwa habari mbaya sana. Serikali mbili zimekubaliana kutosumbuana, maana yake ni nini? Maana yake Amin apate usingizi. Baba yangu alikuwa mwalimu Masaka, 1972 baada ya wale wa Obote kushindwa, watu walichukuliwa kwa buti za magari, na mkataba haukuwa na hata mstari mmoja unasema juu ya wananchi wa Uganda.

Kwa hiyo wewe MwanaKyaka ukisema nafasi ilipotea, nafasi ya nani? Kama Nyerere angekaa na Amin kwa meza 1975 na kunywa chai, Kyaka ingepona pengine, na sisi tungekaa na Amin mpaka 1990. Askofu mkuu Luwum aliuawa Februari 1977. Nani alisema kitu kwa OAU? Amin ndiye alikuwa mwenyekiti wao 1975, mkutano Kampala, amebebwa kwa kiti na wazungu. Tanzania na Zambia na Botswana hawakuja na mimi nawapa heshima mpaka leo.

Pia vita hiyo haikutoka kwa mpaka. Ilitoka kwa kambi. 1978 makamu wake Adrisi alipata ajali ya gari ambayo watu walisema si ajali, askari wake wakakasirika, kambi zikaanza kupigana zenyewe, halafu ghafla tunasikia Tanzania imetushambulia. Mtu ambaye nyumba yake inawaka anarusha moto kwa jirani. Mkataba hauzuii hiyo.

MwanaKyaka
Ssebo hii post yako imenifanya niweke simu chini nikaenda kuchota maji. Sina jibu la haraka.

Mzee wa Kijiwe
Umeona sasa. Mganda mwenyewe kakuambia.

Githurai 44
Niingize mguu hapo kama jirani. Hapa Kenya sisi hatukuwa malaika, bandari ilikuwa yetu, mafuta ya Amin yalipita Mombasa, na tungetaka kumbana tungembana. 1976 baada ya Waisraeli kuja kuokoa mateka Entebbe na madai yake ya ardhi Kenyatta aliminya kidogo tu, mafuta yakakwama, na Amin akashuka sauti wiki chache tu. So ile hoja ya kwamba Amin hakusikia lugha yoyote mimi naikataa. Alisikia lugha ya pampu ya petroli vizuri sana.

Sasa fikiria Kenya na Tanzania wangekuwa wanaongea. Lakini wapi. Nyinyi mlikuwa mnatuita nyang'au na sisi tunawaita watu wa man eat nothing sijui, mkafunga mpaka Februari 1977, Jumuiya ikaenda. Kwa hivyo kwa maoni yangu nafasi iliyopotea si Nyerere na Amin, ni Nyerere na Kenyatta. Hao wawili wangekaa pamoja Amin angekuwa na njia gani ya kuleta hata risasi?

Kipara wa Mwanza
Githurai hiyo ni kali na sijawahi kuiona imeandikwa popote. Naunga mkono hoja 100%. Hebu mleta mada ijibu hii.

Forodhani
Assalaam alaykum. Nami nitie langu. Mmeshughulika na 1972 mpaka 78, lakini na baada ya uvamizi pia kulikuwa na mlango uliachwa wazi kidogo halafu ukagongwa na upepo. Tarehe 14 Novemba 1978 Amin alitangaza anaondosha majeshi yake bila masharti na akawaita OAU waje waone. Tanzania ikasema uongo huo, bado wapo. Na kweli walikuwa bado wapo, wanamalizia kubeba.

Hapo OAU ilikuwa na kazi nyepesi mno. Mvamizi anajulikana, kajitangaza mwenyewe redioni. Mwalimu alitaka mambo ambayo mtoto wa madrasa angeyaona ya haki: OAU imlaani, Amin akane hadharani madai ya ardhi, alipe fidia. Khalas. Nimeiri wa Sudan ndiye mwenyekiti, Edem Kodjo katibu mkuu, wakaja na lugha ya "pande zote mbili zijizuie". Pande zote mbili! Mtu kavunjiwa nyumba anaambiwa na yeye apunguze hasira. Februari 1979 kamati ikakaa Nairobi, haikutoka na kitu, na wakati inakaa huku wanajeshi wa Tanzania wanaingia Masaka, tarehe 24 hiyo.

Mimi naona siku OAU iliposhindwa kutamka neno moja "kosa", ndiyo siku vita vya kurudisha ardhi vikageuka vita vya kwenda Kampala. Maana Mwalimu mwanzoni hakuwa na nia ya kwenda huko kote, alitaka amtoe tu. Wakija kukutana Monrovia Julai 1979 akina Nimeiri na Obasanjo wakamlaumu yeye.

Kipara wa Mwanza
Hapo kwenye upepo ongeza na Gaddafi. Mwisho mwisho wa Machi 1979 kamletea Mwalimu saa 24 aondoe majeshi Uganda. Mwalimu akaenda redioni akasema haibadilishi kitu. Siku mbili tatu baadaye ndege ya Libya, Tupolev kubwa, ikaja kupiga Mwanza kwetu. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane kwenye hifadhi ya wanyama. Waliokufa ni swala! Babu yangu alikuwa mvuvi pale Kirumba, anasema watu walikimbilia ziwani badala ya kukimbia ziwa, maana hakuna aliyejua bomu linakimbiwaje.

Halafu sikiliza hii sasa ndugu zangu mnaosema Mwalimu alikuwa mgumu. Huyo huyo, Walibya wamekuja kumuokoa Amin, wamepigwa Lukaya, wamepigwa Entebbe, na Kampala imezingirwa, yeye akaagiza njia ya mashariki ya kwenda Jinja iachwe wazi ili Walibya waondoke, asije akamfedhehesha Gaddafi na Waarabu wote. Hiyo ni diplomasia kwa mtu ambaye juzi kakutupia bomu. Kwa hiyo alikuwa anajua. Swali langu ni kwa nini kwa Amin hakuijua.

Shangazi Msasani
Kwa sababu Gaddafi hakumtaka uchumba

Mzee wa Kijiwe
Shangazi wewe!! 😂

Lakini Kipara umeuliza swali la maana. Jibu langu: kwa Amin suala lilikuwa Obote. Mwalimu alikuwa anamuona Obote kama rais halali na rafiki, na ukishamuweka rafiki yako sebuleni huwezi tena kuongea na aliyemnyang'anya nyumba. Hilo nakubaliana na mleta mada nusu. NUSU. Obote akiwa Msasani kila pendekezo la Kampala lilisomwa kama mtego, na kila pendekezo la Dar lilisomwa Kampala kama Obote anarudi. Hata mngeleta malaika msuluhishi.

MwanaKyaka
Nimerudi, nimechota maji, nimetafakari.

Ssebo, nakubali kwamba mkataba ule ulikuwa wa watawala wawili kulala usingizi na wananchi wako hawakuwa na mstari ndani yake. Hiyo sikuiona kabisa nilivyoandika, niliiona kutoka upande wa kusini wa daraja tu. Ila na wewe nikuulize, baada ya 1979 mmepata Lule siku 68, Binaisa, halafu Obote yule yule kutoka Msasani, halafu mnajua yaliyowapata Luwero, vita na mauaji ya raia. Sisemi mngebaki na Amin. Nasema labda kungekuwa na chombo kinachokaa kila mwaka, majirani watatu, mambo ya wananchi wako yangeletwa pale mezani mapema na kwa pampu ya petroli ya Githurai, badala ya kuletwa na Saba Saba. Maana hata zile roketi nyie mlizipa jina la Kiswahili kwa mlio wake.

Githurai, umenimaliza. Nimekaa na hoja yangu ya Mogadishu miaka, nimeisimulia mpaka kwenye misiba, na sikuwahi kufikiria kwamba mlango wa kwanza kufungwa ulikuwa Arusha, makao ya Jumuiya, na siyo Mogadishu. Nadhani nikubali tu. Barua, telegramu, mkataba, yote yale yalikuwa ya watu wawili waliochukiana. Pale Arusha kulikuwa na majengo, makarani, bajeti, reli moja, posta moja, ndege zile zile. Vitu vinavyokulazimisha kuongea hata kama mmenuniana. Gharama ya vita watu wanataja dola milioni 500, wananchi wa kwetu kama 1,500 wamekufa, jeshi limetoka chini ya elfu arobaini mpaka laki moja na nusu na mgambo wao, na uchumi wetu baada ya hapo kila aliyepanga foleni ya sukari anaujua. Bajeti ya makarani wa Arusha ingekuwa kiasi gani jamani?

Mzee wa Kijiwe nusu yako naipokea, nyingine nitaifuata kijiweni.

Forodhani
Tuwie radhi kidogo, lile kanisa la Kyaka lililopigwa wakati wa vita bado lipo?

MwanaKyaka
Gofu lipo, matundu ya mizinga yanaonekana kabisa ukipita barabara ya Mutukula. Malori yanapanga foleni kwenda Uganda siku hizi, madereva wanashuka wanapiga picha halafu wanauliza bei ya ndizi.

Ssebo_KLA
Mwana, na lile komeo la bibi?

MwanaKyaka
Mama analo. Amelitia kwenye banda la mbuzi. Anasema halijawahi kumuangusha.

Mzee wa Kijiwe
Mbuzi wangapi?

MwanaKyaka
Wanne. Mmoja wa Ssebo akija kutembea.